Kabla ya Kusema "Ni Kweli"

Jumatatu asubuhi kizimba cha mahakama ya Makadara, Nairobi, kando ya Jogoo Road, hujaa. Waliokamatwa wikendi Kayole, Dandora na Umoja husimama bega kwa bega. Karani husoma shtaka kwa Kiswahili, kisha huuliza kama ni kweli au si kweli. Mama aliyeshikwa na pombe ya chang'aa anawaza watoto aliowaacha peke yao. "Ni kweli," anajibu. Hakimu anaandika, anataja faini, na kifungo asipoilipa. Jina jingine linaitwa.

Historia ya msaada wa bure wa kisheria Eastlands, mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi, ni historia ya watu waliojaribu kumfikia mshtakiwa kabla hajayatamka maneno hayo mawili.

Wa kwanza kukumbukwa ni Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika nchini Kenya. Baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari Oktoba 1952, kupatikana na risasi kuliweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi, na zaidi ya watu 1,000 walinyongwa. Aprili 1954 msako wa serikali hiyo ulioitwa Operesheni Anvil ulizoa maelfu kutoka mitaa ya Waafrika, na wengi wakatiwa kizuizini bila kuona hakimu. Argwings-Kodhek aliwatetea baadhi ya waliobahatika kusikizwa, mara nyingi bila kuwadai hata senti.

Uhuru ulikuja, lakini ada ya wakili haikushuka. Mwaka 1973 kulitokea mambo mawili. Wanasheria wa kujitolea walianzisha Kituo cha Sheria ili maskini wapate ushauri bila malipo kuhusu nyumba, kazi na ardhi. Mwaka huo huo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza jinsi mtu anavyopaswa kukiri kosa: asomewe shtaka kwa lugha anayoielewa, jibu lake liandikwe kama alivyolitamka, kisha asomewe jinsi tukio lilivyokuwa na aulizwe kama ndivyo. Akipinga, kukiri kwake kunafutwa. Maana yake, yule mama akiongeza, "lakini mitungi haikuwa yangu," amekana, na kesi inapaswa kusikizwa.

Kanuni hiyo ingali hai. Wasioijua ni wale inaowahusu.

FIDA Kenya, chama cha wanasheria wanawake kilichoanzishwa 1985, kiliziba pengo hilo kwa njia yake: pamoja na kuwatafutia wanawake mawakili, kiliwafundisha kujisimamia wenyewe kortini. Kituo cha Sheria nacho kilifundisha wasaidizi wa kisheria mitaani na hata magerezani. Kilienda pia kortini: Julai 2013, kufuatia kesi yake na wenzake, Mahakama Kuu ilibatilisha agizo la Serikali la kuwahamishia kambini wakimbizi wa mijini, wakiwemo wa Eastleigh.

Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya wakili kwa gharama ya Serikali iwapo bila wakili angetendewa dhuluma kubwa, na inaamuru aelezwe haki hiyo mara moja. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ikaunda idara ya taifa ya kazi hiyo na kuwatambua wasaidizi wa kisheria.

Hata hivyo, neno "kubwa" ndilo linalowaacha wengi nje. Mshtakiwa wa mauaji hupewa wakili. Wa chang'aa, au mchuuzi aliyezolewa na kanjo, yaani askari wa jiji, husimama peke yake. Hata kosa likiitwa dogo, alama za vidole hubaki, na siku ya kuomba cheti cha tabia njema ili upate kazi, "ni kweli" ya miaka kumi iliyopita yaweza kukusubiri kwenye kaunta.

Basi ukijikuta kizimbani, omba lugha unayoielewa. Uliza kama una haki ya wakili. Maelezo ya tukio yakisomwa ukayaona si ya kweli, sema papo hapo. Na usikubali kosa ambalo hukulitenda eti urudi nyumbani mapema.