Uzi: Kabla hujapiga makofi ukiambiwa "tutashusha riba"

Wadau, kaeni kidogo. Uzi ni mrefu, na sitaji mwanasiasa wala chama, kwa hivyo msinitafutie kambi.

Mimi naishi Kitengela. Kila msimu wa kampeni gari linasimama kando ya barabara ya Namanga, mtu anachomoza juu ya paa na kupaza sauti: "Tutashusha riba!" Watu wanashangilia. Mara ya mwisho nilikuwa nimesimama karibu na mama anayeniuzia sukuma wiki, naye akapiga makofi kweli kweli. Nikamuuliza, mama, una mkopo wa benki? Akacheka. "Benki gani? Mimi nakopa kwa simu tu."

Sasa yeye alikuwa anashangilia nini? Hapo ndipo nilipoanza kuandika uzi huu. Turudi nyuma kidogo.

Ploti yangu niliuziwa na mzee mmoja wa Kimaasai. Zamani ardhi hii ilikuwa ya ranchi za vikundi, zilizotokana na sheria ya mwaka 1968: ardhi ni ya wote, hati ni moja. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata kipande chake na hatimiliki yake. Benki hazikupenda kuchukua ng'ombe kama rehani, maana kiangazi kikija anakufa na dhamana inakufa naye. Lakini hatimiliki? Hiyo benki inaijua vizuri. Mzee akaipeleka, akapewa mkopo wa kununua ng'ombe wa gredi na kuchimba kisima.

Kisha ukaja mwaka 1993.

Wale waliozaliwa baadaye, sikilizeni hapa. Uchaguzi wa 1992 ulifanyika huku pesa zikimwagwa nchini kama maji, na wakati huo huo sakata ya Goldenberg ilikuwa inachota hazina ya serikali kwa jina la dhahabu na almasi ambazo hazikusafirishwa. Mfumuko wa bei mwaka 1993 ukafika karibu asilimia 46. Ili kuzinyonya zile pesa zilizozagaa, serikali ikawa inakopa kwa hati za siku 91 kwa riba iliyovuka asilimia 70. Hebu jiweke kwenye kiti cha meneja wa benki. Serikali inakulipa asilimia 70 bila usumbufu. Utamkopesha mfugaji kwa bei gani?

Mzee anasema barua zilikuwa zinakuja, na kila barua ina deni kubwa kuliko ile ya awali, na yeye hajaongezewa hata ndama. Wakati huo hapakuwa na sheria ya kuizuia riba ya deni lililokwama isizidi deni lenyewe. Kanuni hiyo ilianza kutumika mwaka 2007, na kwake ilikuwa imechelewa. Alianza kuuza ekari moja moja ili shamba lote lisipigwe mnada. Nyumba yangu imesimama juu ya mojawapo ya vipande hivyo. Sisemi hivi kwa fahari.

Kwa hiyo hasira ya wananchi kuhusu riba si ya kuigiza. Ina historia.

Hasira ya pili ni ya benki zenyewe kuanguka. Hii nitaipitia haraka. 1986, Continental na Union. 1989 serikali ikaunganisha taasisi 9 zilizokuwa zikizama ikaunda Consolidated Bank. 1998 ikaenda Trust Bank na wenzake. Miaka hiyo hiyo ya tisini benki kubwa za kigeni zikafunga matawi ya mashambani na kupandisha kiasi cha chini cha kuweka, na Wakenya wadogo wakabaki na vyama (vya akina mama, si vile vingine) na sakosi.

Tukadhani yamekwisha. Agosti 2015 Dubai Bank ikafungwa, Oktoba ikafuata Imperial, na Aprili 2016 Chase ikawekwa chini ya mrasimu. Nakumbuka wiki ile ya Chase. Chama chetu cha mtaa kilikuwa na akaunti benki nyingine kabisa, iliyokuwa salama, lakini mwekahazina alienda kutoa kila kitu akazifunga zile noti kwa leso. Hatukumlaumu. Tena sisi wa mtandaoni tulichangia kukuza ile hofu, tusijifanye malaika. Wakati huo benki ikifa, bima ya amana ilikulipa shilingi 100,000 tu, hata kama ulikuwa na milioni. Kiwango kilipandishwa hadi 500,000 Julai 2020. Hili ni badiliko kubwa, na sijawahi kusikia likipigiwa makofi jukwaani.

Sasa turudi kwenye riba. Bunge likasikia kilio, na Septemba 2016 sheria ya kudhibiti riba ikaanza kufanya kazi: benki isitoze zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Kiwango hicho kilikuwa 10, kwa hivyo mkopo haukuweza kuzidi asilimia 14 kwa mwaka. Kitengela tulifurahi, hata mimi.

Kilichofuata: benki zikawaacha wadogo na kuikopesha serikali. Mikopo kwa sekta binafsi iliongezeka kwa chini ya asilimia 3 mwaka 2017. Kuna wanaoilaumu ile sheria kwa kila kitu, na hapo wanatia chumvi, kwa sababu mikopo ilikuwa imeanza kupungua hata kabla yake. Lakini mwenye kibanda hakukataliwa kwa sababu riba ilikuwa juu. Alikataliwa kwa sababu kwa asilimia 14 hawakuona faida ya kuhangaika naye. Novemba 2019 sheria ikafutwa.

Lakini tazama kilichokuwa kikiendelea pembeni miaka yote hiyo mitatu.

M-Pesa ilianza Machi 2007. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, mkopo wa siku 30 ndani ya simu, ukitolewa na benki iliyosajiliwa. Gharama yake ilikuwa asilimia 7.5. Si kwa mwaka, ni kwa huo mwezi mmoja. Kopa 5,000, rudisha 5,375. Kwa kiwango cha juu cha ile sheria, mwezi mmoja wa 5,000 ungegharimu kama shilingi 58.

Iliwezekanaje? Kwa neno moja. Walisema ile asilimia 7.5 si riba, ni ada. Sheria ilidhibiti riba. Ada ikapita mlango wa nyuma, mchana kweupe, na bunge lililojipigia kifua kwa asilimia 14 likanyamaza. Januari 2019 ikaja Fuliza, nayo ikaja na ada, tena ya kila siku.

Sisemi mikopo ya simu ni mibaya. Mama wa sukuma angeenda wapi saa kumi alfajiri akitaka mtaji wa soko? Hakuulizwa hatimiliki wala karatasi ya mshahara. Dhamana yake ikawa simu yenyewe: historia ya miamala yake, na kwa programu nyingine, namba zote za watu anaowajua. Mwaka 2019 nilipigiwa simu nikiwa Isinya na kijana nisiyemjua, akaniamuru nimwambie jirani yangu alipe deni. Deni la 2,000. Jirani alikuwa hajui namba yangu imefikaje huko. Alinikwepa wiki nzima kwa aibu.

Wakopeshaji wa aina hiyo waliwekwa chini ya Benki Kuu kwa sheria ya Desemba 2021 na kanuni za Machi 2022. Kuwaaibisha wadaiwa kwa kuwapigia jamaa zao kukakatazwa, na ile kanuni ya deni lililokwama kutozidi mara mbili ikawafikia nao. Miaka 15 baada ya benki.

Na serikali? Nayo ina mkono kwenye ada. Ushuru kwenye ada ya kutuma pesa kwa simu ulianza kwa asilimia 10 mwaka 2013, ukawa 12 mwaka 2018, na 15 mwaka 2023. Kwa hivyo anayekuahidi kushusha riba anaweza kuwa ndiye atakayepandisha gharama ya kuipokea na kuilipa hiyo pesa.

Nilimsomea mama wa sukuma hesabu ya 58 na 375. Akanyamaza, akafunga mboga zangu, akasema: "Basi muulize ni riba au ni ada." Msimu ujao gari likisimama pale barabarani nitakuwa mbele, na hilo ndilo nitakalouliza.