Vifaa Vidogo vya Ukraine: Historia Fupi ya Mashine Zinazomtii Kila Mtu

Alasiri ya tarehe 23 Desemba 2015, yapata saa tisa na nusu, mafundi wa zamu katika kampuni ya kusambaza umeme ya Prykarpattyaoblenergo, magharibi mwa Ukraine, waliona kishale cha kipanya kikitembea chenyewe kwenye skrini. Kilichagua swichi ya kituo kimoja cha kupozea umeme, kikaizima, kisha kikaendea nyingine. Fundi aliposhika kipanya chake hakikumtii, na muda mfupi baadaye akatolewa kwenye mfumo, nywila ikiwa imekwisha kubadilishwa. Kampuni tatu zilishambuliwa siku ile. Wateja wapatao 225,000 wakabaki gizani katikati ya majira ya baridi.

Kishale kile ndicho kilichotajwa sana na magazeti. Kwa maoni yangu, ndugu msomaji, hakikuwa jambo zito kuliko yote. Wavamizi walikuwa na hila nyingine kadhaa: walifurisha simu za bandia katika kitengo cha huduma kwa wateja ili malalamiko yasisikike, walifuta kompyuta, tena walipanga betri za akiba zizimike ili hata vyumba vya udhibiti viwe giza. Lakini hila iliyoacha jeraha la kudumu ilielekezwa kwenye vifaa vidogo ambavyo mwananchi wa kawaida hajapata kuviona: vigeuzi vinavyotafsiri lugha ya mitambo ya zamani iwe lugha ya mtandao wa kompyuta, na kinyume chake. Ndani ya kila kigeuzi mna programu dhibiti, yaani maagizo ya msingi yanayokifanya kifaa kijue kazi yake. Wavamizi walituma programu yao mbovu kana kwamba ni sasisho la kawaida, na vifaa vikaipokea. Tangu hapo havikufikisha amri yoyote kutoka makao makuu, wala havikuweza kutengenezwa. Ilibidi vinunuliwe vingine.

Kwa nini vilipokea? Jibu la kiufundi ni fupi: havikuwa na njia madhubuti ya kuthibitisha kwamba sasisho limetoka kwa mtengenezaji. Jibu la kihistoria ni refu zaidi, nalo ndilo linalonishughulisha.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Dick Morley na wenzake huko Marekani walibuni kompyuta ndogo ya kuendeshea mitambo ya viwandani, Modicon 084, ambayo mmoja wa wateja wake wa mwanzo alikuwa kampuni ya magari ya General Motors. Kabla ya hapo, kila muundo mpya wa gari ulidai kung'oa na kufunga upya nyaya na swichi nyingi mno. Sasa ilitosha kubadili maagizo. Mwaka 1979 kampuni ya Modicon ikatoa Modbus, lugha ya mawasiliano baina ya vifaa hivyo, ambayo hadi leo inatumika katika viwanda, mabomba ya maji na mitandao ya umeme. Modbus haimwulizi mtoa amri yeye ni nani. Hilo halikuwa uzembe. Waya ulikuwa ndani ya uzio, uzio ulikuwa na lango, na langoni alisimama mlinzi. Aliyefika kwenye mashine alihesabiwa kuwa mwenyeji. Baadaye mashirika yakataka takwimu zifike ofisini papo hapo, gharama za safari zipungue, fundi arekebishe kituo cha mbali akiwa kitini. Waya ukatolewa nje ya uzio. Mlinzi akabaki langoni.

Wapo wanaodai kwamba saini ya kidijitali inamaliza tatizo. Inasaidia sana, nami ningependa kila afisa wa ununuzi wa umma aiulizie kabla ya kutia saini yake mwenyewe kwenye mkataba. Hata hivyo, kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010 baada ya kuhujumu vinu vya kurutubisha urani huko Natanz, Iran, kiliingia kwenye kompyuta kikiwa na vyeti halali vilivyoibwa kutoka kampuni mbili. Na mwaka 2017, katika kiwanda cha kemikali za petroli nchini Saudi Arabia, wavamizi waliifikia mitambo ya usalama, ile inayopaswa kuzima kiwanda kabla hakijalipuka, na kuchomeka maagizo yao ndani ya programu dhibiti yake. Mitambo hiyo ilikuwa na ufunguo wa chuma wa kuzuia mabadiliko. Ufunguo ulikuwa umeachwa kwenye nafasi ya kuruhusu.

Turudi Ukraine. Umeme ulirejea baada ya saa moja hadi sita, wala haukurejeshwa na kompyuta. Mafundi walipanda magari, wakaenda kituo kwa kituo, wakaziunga swichi kwa mikono. Waliweza kwa sababu mitambo yao ilikuwa ya kizamani kiasi cha kuruhusu mkono wa mtu, na kwa sababu watu wenye ujuzi huo walikuwa bado wameajiriwa. Zaidi ya miezi miwili baadaye vituo vya udhibiti vilikuwa havijarudia hali yake kamili, na mafundi walikuwa bado wakienda vituoni kuendesha swichi wenyewe.