Mlinda Mlango Asiye na Sare

Tukisikia habari zimezuiwa, wengi wetu hufikiria serikali, askari na magazeti yaliyofungiwa. Lakini kisa cha Cuba chatuonyesha kwamba mwenye kufunga mlango pengine ni huyu huyu kijana wa mtaani anayetuletea mzigo.

Nchini Cuba, magazeti, redio na televisheni ni za serikali. Mwaka 2008 wananchi waliruhusiwa kununua kompyuta, lakini intaneti ilikuwa ya wachache. Hata bustani za mjini zilipowekewa intaneti mwaka 2015, saa moja ilikuwa dola 2, na mshahara wa wastani wa mwezi haukufika dola 30. Nani angeweza?

Basi vijana walikuwa tayari wamebuni njia. Kila wiki walikusanya filamu, tamthilia za Korea, nyimbo, programu za simu na matangazo ya biashara, kiasi cha terabaiti moja, wakaita El Paquete Semanal, yaani kifurushi cha wiki. Diski zilitoka Havana kwa basi hadi mikoani, kisha zikapita nyumba kwa nyumba. Mtu alinakili anachotaka kwa pesa kidogo.

Sasa tazama ajabu yake. Hakukuwa na ofisi ya ukaguzi, lakini wakusanyaji wenyewe waliweka sheria: hakuna siasa, hakuna picha za uchi. Habari ya kuikosoa serikali haikupita. Tusiwalaumu haraka, maanake ile ndiyo riziki yao, na biashara ya namna ile huishi kwa kuvumiliwa tu. Serikali ikafumba macho, nao wakafumba mdomo.

Havana kulikuwa pia na SNET, mtandao uliounganisha maelfu ya nyumba bila intaneti, hasa kwa michezo ya kompyuta. Huko mlikatazwa siasa, picha za uchi na hata mambo ya dini. Anayevunja sheria, wasimamizi walimkatia laini. Je, uliwasaidia unyamavu huo? Julai 2019 kanuni mpya zikaanza kazi, na mitandao mikubwa ya binafsi ikawa haina nafasi. Mwaka huo huo SNET ikaingizwa chini ya vituo vya kompyuta vya serikali. Kumbe kunyamaza kuliwanunulia muda, si usalama.

Vijana wenzangu, picha za uchi kuondolewa hakuna atakayelia. Shida ni kwamba mkono ule ule uliosafisha uchafu ndio ulioficha habari, na mpokeaji hakuona tofauti. Gazeti likifungiwa, angalau watu hujua limefungiwa. Lakini faili ambayo haikuwekwa kwenye diski haina pengo la kuonekana.

Hivyo basi, mtu akikujazia simu au flashi, mshukuru kwa alichokupa. Kisha jiulize: ni kipi alichokiacha, na alimwogopa nani?