Nyumba Isiyosubiri Ng'ambo

Kwetu Kitanga, upande wa mpaka wa Burundi, fundi wa kwanza niliyemwona kazini ni baba, na kifaa chake kilikuwa mwanzi. Aliupasua katikati, akapanga ndani yake betri sita za National zilizokwisha kuchoka, kichwa cha hii kikigusa mkia wa ile, akazibana kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kisha akavuta nyaya mbili hadi kwenye redio. Mchana tulizianika betri juani kama mihogo. Usiku zilitutosha kwa taarifa ya habari ya saa mbili, na hapo baba alirekebisha saa yake ya mkononi. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, majirani walijaa uani kusikiliza kipindi, kisha wakabishana juu ya vyoo na maji ya kuchemsha. Nchi nzima watu wapatao milioni 2 waliingia katika vikundi kama hivyo. Maneno yalitoka Dar es Salaam, ila nguvu ya kuyasikia ilikuwa ya mwanzi wetu.

Nilipokua nikahamia Kasulu mjini, nikakaa kibandani na pasi yangu ya kulehemu redio. Umeme wa mji wetu, kama wa Kibondo, ulitoka kwenye majenereta ya dizeli ya TANESCO. Ulikuwa mtandao mdogo uliojizungukia wenyewe. Dizeli ikichelewa, giza letu lilikuwa letu peke yetu. Gridi ya Taifa ikitetereka, sisi hatukuwa na habari. Oktoba 2022 wilaya hizi zikaunganishwa na gridi hiyo kutoka Nyakanazi, na majenereta yakanyamaza. Tulishangilia, na tulikuwa na haki: mashine za kusaga na za kuchomelea zilipata umeme wa kutosha. Lakini Aprili 1, 2024 gridi ilipopata hitilafu, giza la nchi nzima likatufikia nasi. Aliyeunganishwa hula na wenzake, na hulala njaa nao.

Mwezi uliofuata nikapata somo la pili, safari hii ndani ya nyumba yangu. Nilikuwa nimefunga taa za kisasa na swichi ya pampu, vyote naviamrisha kwa simu. Jumapili ya Mei 12 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikayumba Tanzania nzima. Nimesimama uani, tangi limekauka, pampu iko hatua kumi kutoka miguuni pangu, umeme upo, nami nabonyeza simu bila jibu. Kumbe kila amri yangu ilikuwa ikisafiri hadi kwenye seva ng'ambo, ipate ruhusa, ndipo irudi Kasulu kuwasha pampu yangu mwenyewe. Mke wangu alichukua ndoo bila kusema neno.

Nikang'oa vyote. Nikanunua kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, nikaiwekea programu ya Home Assistant, ambayo hufanya kazi humo humo nyumbani. Boya la tangi huzungumza na pampu kupitia rauta yangu kwa lugha ya MQTT. Lugha hiyo ilibuniwa 1999 kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyoripoti kwa setilaiti, mahali ambapo mawasiliano yalikuwa haba na ghali. Nilipolijua hilo nikacheka: huu ni mwanzi wa baba kwa jina jingine. Mfumo wote unakula betri ya volti 12 na paneli moja ya sola.

Tatizo likabaki moja. Siku moja betri ilikwisha kabisa. Paneli ilipoamka asubuhi, kompyuta nayo ikaamka, lakini haikujua ni saa ngapi, kwa sababu aina ile haina saa yake, huulizia intaneti, nayo haikuwapo. Taa za uani zikawaka saa sita mchana, jua la utosi. Dawa yake ilikuwa kijisaa cha DS3231, kidogo kuliko kiberiti, chenye betri bapa mfano wa sarafu. Sasa hata mtandao upotee wiki nzima, saa moja jioni taa zinawaka.

Siikatai intaneti, ikija huniletea marekebisho ya programu na salamu za watoto walioko mbali. Ila mgeni hakabidhiwi funguo za kisima. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiuziwa taa au swichi ya kisasa, mwombe muuzaji azime intaneti mbele yako, kisha ubonyeze. Isipowaka, mrudishie.