Furaha, Msiba na Imani ya Kikristo katika Bara ya Malindi

Swali la iwapo Mkristo atarajie furaha isiyokatika ni la zamani katika teolojia, yaani elimu inayochunguza mafundisho ya dini kumhusu Mungu na wanadamu, lakini katika ukanda unaoanzia mji wa Malindi na kupitia Ganda na Jilore kuelekea bara ya Kilifi, swali hilo limejadiliwa matangani zaidi kuliko vitabuni. Wagiriama, ambao ni kundi kubwa miongoni mwa makabila tisa ya Mijikenda, walikuwa na namna yao ya kuomboleza na ya kutafuta chanzo cha msiba kabla ya kubatizwa, na ni namna hiyo iliyoamua jinsi walivyousikia ujumbe wa wamisionari. Tarajio kwamba mwamini wa kweli huwa na furaha siku zote ni changa katika eneo hili, na limepata nafasi kwa sababu Ukristo wa misheni uliacha swali moja kubwa la wenyeji, lile la chanzo cha msiba, bila jibu la kuwatosha.

Miongoni mwa ibada za mwanzo za Kikristo zilizoandikwa habari zake Malindi ni mazishi. Mwaka 1542 Francis Xavier, mmisionari wa shirika la Wajesuiti aliyekuwa safarini kwenda Goa, alitua Malindi na kushiriki kumzika mtu aliyefia katika merikebu yao. Katika barua aliyoiandika baadaye mwaka huohuo alieleza mazungumzo yake na Mwislamu mmoja mwenye cheo, aliyesikitika kwamba kati ya misikiti 17 ya mji huo ni mitatu tu iliyokuwa na waumini. Xavier hakumhurumia sana, kwa kuwa alikuwa mtu wa zama zake na wa dini yake. Hata hivyo inafaa kuona kwamba kipimo cha imani katika mazungumzo hayo kilikuwa ni mahudhurio na ibada, wala hali ya moyo wa mwumini haikutajwa.

Karne tatu baadaye kaburi lilitangulia tena. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amejifungua njiani, katika safari ya Ethiopia, mtoto wa kike asiyeishi, wakampa jina lenye maana ya chozi. Mwezi Julai 1844 Rosine alijifungua tena, akafa kwa homa siku chache baadaye, na kichanga kikamfuata. Krapf aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile la ng'ambo ya Mombasa walione kuwa dalili ya kazi iliyokwisha kuanza. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walipanda kwenda kuanzisha kituo cha Rabai, wote wawili wakitetemeka kwa homa, na mtu wa kwanza waliyembatiza, kilema aliyeitwa Mringe, alibatizwa akiwa anakaribia kufa. Wamisionari hao walikuwa wa mapokeo ya upietisti, yaani Ukristo unaosisitiza toba na uchaji wa moyoni, na kwao mateso yalikuwa shule ya imani, jambo ambalo huenda liliwafaa wao kuliko wasikilizaji wao.

Wasikilizaji walikuwa na haja nyingine. Kuanzia miaka ya 1860 mashamba ya Malindi yalifufuliwa kwa kilimo cha mtama na ufuta, na kazi yote ilifanywa na watumwa, ambao baadhi yao walitoroka na kuitwa watoro. Wengine walijificha kandokando ya mto Sabaki, wengine walikimbilia Rabai, na wengine wakaenda Fuladoyo, kijiji cha bara kilichokusanya Wakristo Wagiriama na watoro chini ya uongozi wa David Koi, aliyeuawa mwaka 1883 kwa sababu ya kuwahifadhi watoro hao. Mwaka 1888 George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani alikubali kuwalipa wenye watumwa fidia ili watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika vituo vya misheni wapewe vyeti vya uhuru. Mtu aliyepokea cheti cha namna hiyo alikuwa na furaha ambayo hakuna mwanateolojia anayeweza kuibeza.

Njaa nazo zilichangia kuwavuta watu kwenye misheni. Ile iliyoitwa Mwakisenge, ya miaka ya 1880, iliwafanya wazazi wawaweke rehani watoto wao kwa wenye nafaka, na ile ya Magunia, mwishoni mwa karne hiyo, ilipata jina kutokana na chakula kilichogawiwa kwa magunia. Katika nyakati hizo uwanja wa misheni ulikuwa mahali pa kula na pa kukimbilia. Kwa hiyo si kweli, kama inavyosemwa mara nyingi katika mahubiri ya kuwasuta vijana, kwamba wazee waliamini kwa ajili ya mbingu peke yake na kwamba kutaka nafuu ya dunia ni tabia ya sasa. Waliitaka nafuu hiyo, wakaipata kwa kiasi, kisha maradhi na vifo vikaendelea kuwajia kama vilivyowajia majirani zao wasiobatizwa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Katika desturi ya Kigiriama msiba ulikuwa na ratiba: mazishi na matanga ya kwanza, yanayoitwa hanga, kisha baada ya muda matanga ya kumalizia, yanayoitwa mabumbumbu, ambayo huwafungulia wafiwa njia ya kurudi katika shughuli zao. Wanawake waliimba nyimbo za kifudu, ngoma ya msibani, ambazo baadhi yake zilikuwa na mzaha wa wazi ambao siku nyingine ungehesabiwa utovu wa adabu. Kilio na kicheko vilikaa uwanja mmoja, bila mtu kumdai mfiwa awe na moyo mkunjufu. Mtu aliyekuwa mwanachama wa gohu, chama cha wazee wenye heshima na mali, aliweza kusimamishiwa kigango, yaani nguzo ya mbao ngumu iliyochongwa mfano wa mtu, yenye kichwa cha duara na nakshi za pembetatu, hasa ikiwa koma wake, maana yake roho ya marehemu, ilimjia jamaa ndotoni ikilalamika kusahauliwa. Mambo haya yote yalikwenda pamoja na kazi ya mganga, ambaye aliulizwa sababu ya kifo au ugonjwa: ni koma aliyekasirika, ni mwiko uliovunjwa, au ni mkono wa mtu?

Misheni zilikataza kigango na tambiko, zikaleta jeneza, tenzi na mahubiri ya kaburini, lakini lile swali la sababu zililijibu kwa kifupi mno, kwamba ni mapenzi ya Mungu. Jibu hilo lina uzito wake katika Biblia, ambamo Ayubu anagombana na rafiki zake wanaomtafutia kosa, sehemu kubwa ya Zaburi ni maombolezo, Yesu mwenyewe analia kwenye kaburi la Lazaro, na Paulo anawahimiza Wafilipi wafurahi huku akiwa kifungoni. Furaha inayotajwa humo ni tumaini linaloweza kukaa na machozi katika mtu mmoja. Lakini mtu aliyezoea kuambiwa chanzo, akaambiwa tu kwamba Mungu amependa, aliweza kwenda kanisani asubuhi na kwa mganga usiku, na wachungaji wengi wa pwani walilijua jambo hilo bila kulitaja mimbarani.

Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanza Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kuingia Kenya mwaka 1937, uliongeza desturi ya ushuhuda, ambapo aliyeokoka husimama mbele ya wenzake na kueleza dhambi alizoziacha na amani aliyoipata. Ushuhuda una umbo la hadithi inayokwenda kwenye wema, na ni vigumu kusimama na kusema kwamba hali bado ni mbaya. Ilipofika miaka ya 1980 na kuendelea, mikutano mikubwa ya injili na makanisa mapya yalileta injili ya mafanikio, yaani fundisho kwamba afya, mali na furaha ni haki ya mwamini, naye huzipata kwa kukiri kwa kinywa na kwa kupanda mbegu, ambayo ni sadaka ya fedha. Fundisho hilo mara nyingi hushutumiwa kuwa la kigeni, na asili yake kubwa ni Marekani kweli, lakini nguvu yake bara ya Malindi yatokana na kulirudia swali la mganga. Linakubali kwamba msiba una chanzo, kisha humwonyesha mgonjwa chanzo hicho ndani yake mwenyewe: imani yake ni haba, au kuna laana ya ukoo ambayo hajaivunja. Ukali wa fundisho hili kwa hiyo unazidi ule wa desturi ya zamani, kwa kuwa mganga alimwacha mfiwa angalau na haki ya kuhurumiwa.

Upande wa pili wa mwelekeo huo wa kuikataa dhiki ulionekana mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, magharibi ya Malindi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na upande wa mashtaka ukadai kwamba waumini walihimizwa kufunga kula hadi kufa ili wamwone Yesu. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, na wenzake walikana mashtaka. Itakuwa kosa kuliunganisha moja kwa moja tukio hilo na injili ya mafanikio, ambayo huhubiri kinyume chake, lakini yote mawili huona dhiki ya kawaida ya maisha, yaani ada ya shule, ukame na ugonjwa wa mtoto, kuwa kitu ambacho mwamini hapaswi kukaa nacho.

Matangani leo mambo yamechanganyika. Usiku kuna disko matanga, muziki wa spika kubwa unaochezwa ili kukusanya mchango wa mazishi, ambao utawala wa Kilifi umeupiga marufuku mara kwa mara kwa sababu ya usalama wa wasichana. Asubuhi kuna kwaya, wahubiri wanaogawana dakika, na wito wa kuokoka kando ya jeneza. Makanisa hulaani disko kuwa ni furaha isiyo na adabu mbele ya maiti, na malalamiko hayo yana msingi, ila ngoma ya kifudu nayo ilicheka msibani bila kumkataza mtu kulia, ilhali mhubiri wa asubuhi mara nyingi humwambia mjane ajifute machozi kwa kuwa ameokoka.