Safu ya Lugha: Bao, isolo, igisoro, omweso
Wasemaji wa Kiswahili, kuanzia pwani hadi Ziba mkoani Tabora, huita bao mchezo ambao jamii yake kwa Kisukuma ni isolo, Rwanda ni igisoro na Uganda ni omweso. Jina bao limetokana na kifaa chenyewe, yaani ubao uliochongwa safu nne za mashimo manane, ambamo huchezwa kete 64, mara nyingi mbegu za mkomwe. Hata hivyo, si sahihi kuyachukua majina hayo kuwa visawe kamili, kwa kuwa bao la Kiswahili huanza kwa kunamua, yaani kila mchezaji kuingiza moja moja kete zake 22 za akiba, hatua ambayo haimo katika omweso.