Somo la Historia: Hesabu Tatu za Uchaguzi wa Marekani, 1948

Leo tutazungumza habari za uchaguzi wa Rais wa Marekani uliofanyika tarehe 2 Novemba, 1948. Tafadhali shikeni kalamu na karatasi, maana iko kazi ya kujumlisha na kutoa.

Kwanza tuelewe desturi ya nchi ile. Rais wa Marekani hachaguliwi kwa kujumlisha tu kura za watu wote. Kila jimbo lina wajumbe wake wa kumchagua Rais. Jimbo lenye watu wengi lina wajumbe wengi. Lenye watu wachache lina wajumbe wachache. Karibu kila mahali, mtu akishinda katika jimbo, hata kwa kura moja, huchukua wajumbe wote wa jimbo hilo. Mwaka 1948 wajumbe wote walikuwa 531. Aliyetaka kuwa Rais ilimpasa apate 266.

Walioshindana hasa walikuwa wawili. Bwana Harry Truman wa chama cha Democratic alikuwa Rais tangu Aprili 1945, Rais Roosevelt alipofariki. Bwana Thomas Dewey wa chama cha Republican alikuwa Gavana wa New York. Chama cha Truman kilikuwa kimepasuka. Bwana Strom Thurmond alijitenga pamoja na watu wa kusini waliokataa Watu Weusi wapewe haki sawa, na Bwana Henry Wallace akagombea kwa chama kingine. Wengi walisema Truman amekwisha.

Sasa andikeni hesabu ya kwanza. Mwezi wa Oktoba gazeti la Newsweek liliwauliza waandishi 50 wa mambo ya siasa: nani atashinda? Wote 50 walijibu: Dewey. Gazeti likagawa wajumbe hivi: Dewey 366, Truman 126, Thurmond 39.

Hesabu ya pili ni ya Truman mwenyewe. Alikuwa akizunguka nchi kwa gari la moshi, akihutubia watu stesheni baada ya stesheni. Humo safarini alimtajia msaidizi wake majimbo, moja moja. Jumla yake: Truman 340, Dewey 108, Thurmond 42. Machache aliyaacha kuwa ya mashaka.

Hesabu ya tatu ni ya kura zenyewe: Truman 303, Dewey 189, Thurmond 39.

Je, watu 50 wenye elimu walikosaje wote pamoja? Ushahidi wa watu 50 ni mzito ikiwa kila mmoja ameona kwa macho yake. Lakini wakichota wote katika kisima kimoja, ni kama shahidi mmoja tu. Siku zile wapimaji wa maoni ya watu, kama Bwana George Gallup, nao walimweka Dewey mbele. Wapimaji hao waliacha kuuliza mapema, na watu walizidi kubadili nia mpaka siku ya kura. Tena waulizaji wao walijichagulia wa kuwauliza, nao wakawapata zaidi wenye elimu na nafasi kuliko maskini.

Hata hivyo, tusiwacheke upesi. Tazameni majimbo matatu. Truman alishinda Ohio kwa kura 7,107 tu, California kwa 17,865, na Illinois kwa 33,612. Ohio ilikuwa na wajumbe 25, California 25, Illinois 28. Jumlisheni: 78. Watoeni kwa Truman, mpeni Dewey. Truman anabaki na 225. Dewey anafika 267, naye ndiye Rais! Watu wasiofika 30,000 wangegeuka katika majimbo hayo, historia ingekuwa nyingine. Na waliopiga kura nchi nzima walizidi milioni 48.

Usiku ule gazeti la Chicago Daily Tribune halikungoja. Wapanga herufi wake walikuwa katika mgomo, ikalazimu gazeti lichapwe mapema. Likaandika kwa herufi kubwa kwamba Dewey amemshinda Truman. Baadaye Truman aliliinua juu mjini St. Louis, akicheka, na picha yake ikaenea duniani.

Wazee wetu walisema, usikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa. Mtu akikuletea makisio ya uchaguzi, muulize: umehesabu nani, lini, na kwa njia gani? Wala usikae nyumbani siku ya kura kwa kuambiwa kwamba mambo yamekwisha. Ohio iliamuliwa na watu waliokwenda kupiga kura.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Kwa nini kura chache za Ohio zilikuwa na nguvu kubwa?
2. Truman alijizidishia wajumbe wangapi katika hesabu yake?
3. Kwa nini maneno ya watu 50 yaweza kuwa ushahidi wa mtu mmoja?

Kwaherini mpaka somo lijalo.